Nchi Isiyotazama Chini

Mwenye mtoto ampakate, asiye naye asogee karibu, maana hii ni habari ya nchi nzima iliyoinamisha kichwa siku moja ikaokoka, na aliyeifundisha kuinama ni mwanamke wa Tukuyu mwenye mtoto mgongoni.

Jina lake Sekela. Namna alivyofika chini ya bahari ile ya kaskazini, na namna alivyovuta pumzi huko, mwenyewe hakupenda kuyaeleza. Alisema tu kwamba alifika. Alichopenda kueleza ni baridi. Baridi ya kwao ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya chai mpaka saa nne, tangu siku ile aliiita joto. Maji ya huko yalimng'ata masikio, yakamng'ata vidole, yakaingia mpaka kwenye mizizi ya meno. Lugano, binti yake wa miezi minane, yeye aliyafurahia. Alichomoa mkono kwenye mbeleko akawa anayapiga makofi.

Nchi hiyo yaitwa Umwani, na ni msitu. Usifikirie mwani ule mdogo wa kuanikwa juani. Mwani wa huko ni miti, mirefu kupita mikaratusi. Kila shina limeshika mwamba kwa mizizi iliyokunjwa kama vidole vya mtu aliyekamata jiwe, kisha linapanda, linapanda, na kila jani lina kibofu chake cha hewa kinacholivuta kwenda juu, mpaka majani ya mwisho yanajilaza juu ya uso wa bahari kama mkeka. Mwanga unashuka katikati ya mashina ukiwa wa kijani. Yavuyavu wanapita, wako wazi kama glasi. Kwenye miamba ya mpakani, Sekela alikoingilia, kulikuwa na viumbe mfano wa maua, vyeupe na vya waridi, vinavyochanua vikiwa na njaa na kujifunga vikiguswa, na viti vya pweza, wale viumbe mfano wa nyota, vya rangi ya chungwa vyenye mikono ishirini kila kimoja. Haya yote Sekela aliyaona siku ya kwanza, kabla hajaambiwa kwamba hairuhusiwi kuyaona.

Wamwani ni watu kama sisi, ila wamevaa manyoya mafupi mazito mwili mzima, kama paka aliyenona, na wote wana sharubu, wake kwa waume. Ni wakarimu, wacheshi, wapenda watoto. Lakini hawatazami chini. Mtu wa Umwani hutembea kidevu kikiwa juu, hula kidevu kikiwa juu, na akikutana na mwenzake humuuliza, "Juu kukoje?" naye hujibiwa, "Kunang'aa." Ukimsalimu mkubwa huku macho yako yakielea kwenye magoti yake, utaambiwa una matope machoni, na hilo huko ni tusi la kupelekana barazani.

Sababu yao si ya kipuuzi, ukiisikiliza. Nuru hutoka juu. Hewa hutoka juu. Samaki wanono hupita juu. Basi kumpa macho yako yule aliye chini ni kumnyima aliye juu haki yake. Mababu walilisema hilo kama adabu. Wajukuu wakaliandika kama sheria, wakalichonga kwenye gamba kubwa la chaza mlangoni pa Baraza: mtu asishushe jicho chini ya goti lake. Na sheria ikizaa sheria, ikaja kuwa kitu kikianguka hakikuwahi kuwapo. Sekela alikaa foleni ofisini nyuma ya mzee mmoja aliyedondosha bakuli lake la kulia. Mzee alikuwa amekuja kuandikiwa hati ya kuthibitisha kwamba maishani mwake hajawahi kumiliki bakuli. Akaipata, akashukuru, akaenda zake.

Kulikuwa pia na Ofisi ya Sakafu. Ilikuwa na maofisa kumi na wawili, nayo ilijengwa kwenye jani la juu kabisa, mahali penye mwanga mzuri wa kuandikia. Kila mwaka hutoa taarifa yake. Sekela aliomba kuisoma ya mwaka ule, akaletewa kwa heshima, imefungwa utepe. Ilisema: Sakafu ipo.

Wasiobanwa na sheria walikuwa watoto wasioota meno. Asiye na jino hajajua adabu, walisema Wamwani, na asiyeijua hawezi kuivunja. Kwa hiyo kila asubuhi akina mama walipokwenda kuvua, waliwapeleka wachanga wao kwenye Shina Kuu, shina nene kuliko yote nchini, wakawaviringishia jani kiunoni mara tatu ili maji yasiwachukue, wakawaacha waning'inie pale kifudifudi, wakielea kama ndizi kwenye mkungu. Mlezi wao alikuwa Bi Povu, bibi wa miaka sabini mwenye sharubu nyeupe na ulimi usiomwogopa mtu. Ndiye aliyempokea Sekela. Alimtazama Lugano, akamnusa utosini, akamwambia mama yake kwamba mtoto mzuri ila hana manyoya, na kwamba si neno, atamfunga jani mara nne.

Lugano akawa wa sitini na moja. Aliyefungwa kando yake ni mtoto mnene ambaye hakuweza kulala bila kushika kidole cha mtu. Tangu siku ile akashika cha Lugano.

Sekela akakaa siku kadhaa, akaenda kuvua na akina mama, wakamcheka anavyotetemeka, wakamkalisha katikati yao apate joto. Na kila aliporudi kumnyonyesha mwanawe alimkuta amekodolea macho mahali pamoja. Chini. Watoto wote sitini na mmoja walikuwa wanatazama mahali hapo hapo, kimya, kama watu waliokaa mbele ya sinema. Siku moja Lugano akanyoosha kidole. Sasa mama gani duniani, mwanawe akinyoosha kidole, atakumbuka kwanza sheria? Sekela akakifuata kwa macho.

Chini pale mwamba ulikuwa mtupu. Hakukuwa na ua wala kiti cha pweza. Jiwe lilikuwa limekwanguliwa jeupe, kama sufuria ya ugali iliyopitiwa na mwiko. Na juu ya weupe ule vilikuwapo vitu vyeusi, mviringo, kila kimoja kama chungwa lililochomekwa miiba pande zote. Vilikuwa maelfu. Vilitembea polepole kama vitu visivyo na haraka kwa kuwa havina adui, na vilikokwenda ni kwenye mizizi ya Shina Kuu. Tayari vilikuwa vimeipanda. Sekela akazuia pumzi, akasikia: krr, krr, krr. Vilikuwa vinatafuna.

Alipomweleza Bi Povu, bibi hakushtuka. Aliendelea kutazama juu, mikono yake ikikaza jani la mtoto mmoja lililokuwa halijalegea. Kisha akasema kwamba bibi yake aliviita vitafuna. Zamani walikuwapo watu wa kazi hiyo, wafagizi, walioshuka kila siku kuviokota.

"Mbona mkaacha?" Sekela akauliza.

"Walikuwa wanainama, mwanangu," alisema Bi Povu. "Mpimaji Mkuu wa Msitu wa wakati ule akasema nchi iliyoendelea haina mtu anayeinama. Wakapewa kazi ya kupamba majani."

Kisha akamwambia jambo ambalo mgeni hakulijua. Zilibaki siku nane Mkondo Mkuu ufike. Huo huja mara moja kwa mwaka, kutwa nzima, maji yote ya kaskazini yakipita Umwani kwa wakati mmoja. Siku hiyo hakuna mkono unaoweza kumshika mtoto. Wakubwa kwa wadogo hujifunga kwenye mashina na kungoja, na wachanga wote hufungwa Shina Kuu, kwa sababu halijawahi kung'oka.

Kesho yake Sekela akaenda kwa Mpimaji Mkuu wa Msitu.

Bwana Kilele alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sharubu zilizochanwa, na heshima yake ilijulikana kuanzia mpaka hadi mpaka. Kazi yake ni kuupima msitu kila mwezi kwa kamba ndefu iliyopigwa mafundo, naye aliupima juu, mahali majani yanapojilaza. Akamweleza Sekela kwa furaha ya mtu mwenye habari njema kwamba mwaka ule msitu ulikuwa umekua kwa robo nzima. Haijapata kutokea. Majani yalikuwa yamepandana mpaka mtu anaweza kulala juu yake bila kulowa.

Sekela akatazama majani yale, akaelewa. Shina likikatwa chini haliangukii sakafuni, maana vibofu vyake vinalivuta. Linapanda. Linakwenda kujilaza juu pamoja na wenzake, kijani kibichi, na Bwana Kilele anakuja na kamba yake analihesabu kuwa ni ukuaji. Kadiri msitu ulivyozidi kufa ndivyo kamba ilivyozidi kusoma vizuri. Na pale katikati palipokuwa pamejaa mashina, sasa pakiwa wazi, Baraza lilikuwa limepitisha azimio la kuwapongeza wananchi kwa mji wenye nafasi na hewa.

Akamweleza. Alieleza kwa adabu zote, kidevu juu. Bwana Kilele alimsikiliza mpaka mwisho, na hapo ndipo penye uchungu, maana hakuwa mtu mbaya. Akasema kwamba katika utumishi wake wa miaka thelathini hakuwahi kuletewa mzizi, na kwamba mtaalamu hawezi kuandika asichokiona. Sekela akamwambia akitazame basi. Akajibu kwamba mtaalamu ndiye wa kwanza kutii sheria. Kisha akainamisha sauti, ingawa si kichwa.

"Binti yangu, wewe ni mgeni, na una mtoto mmoja tu," alisema. "Kama una wasiwasi, mfungue, mrudi kwenu leo. Hakuna atakayekulaumu."

Sekela alifika mpaka kwenye Shina Kuu na nia hiyo. Alilishika fundo la jani la Lugano, akalegeza mzunguko mmoja, wa pili. Yule mtoto mnene wa kando alikuwa amelala, mdomo wazi, kidole cha Lugano kimo ndani ya kiganja chake. Sekela akajaribu kukichomoa. Kiganja kikakaza. Sekela akaurudisha mzunguko wa pili, akaurudisha wa kwanza, akaongeza na wa tano.

Akapeleka ombi barazani. Aliandika kwamba, kwa kuwa watoto wasio na meno wanaruhusiwa kutazama chini, mwanawe Lugano akubaliwe kuwa shahidi wa hali ya sakafu.

Ombi lile lilizua mjadala wa siku mbili, na Wamwani wanaukumbuka hadi leo kuwa ni mjadala wa hali ya juu. Upande mmoja ulisema kwamba kama watoto wachanga peke yao ndio hutazama chini, basi ni wazi kwamba chini ni jambo la kitoto. Upande wa pili ukakubali ushahidi usikilizwe, mradi shahidi autoe akitazama juu. Mjumbe mmoja alitaka kujua ikiwa mtoto asiyejua kusema anaweza kusema uongo, na waliposhindwa kumjibu akaomba iundwe kamati. Siku ya tatu, zikiwa zimebaki siku tano Mkondo ufike, Spika, mama mmoja mnene aliyeitwa Mwangaza, akaagiza shahidi aletwe na fizi zake zikaguliwe.

Ofisa akatia kidole kinywani mwa Lugano. Akakitoa upesi, akakipuliza. Chini, upande wa kushoto, kama punje ya mchele, lilikuwa limechomoza jino. Lilikuwa la asubuhi ileile. Sekela alijua mtoto amekesha na homa, alimpaka chumvi kwenye fizi, lakini hakuwa amefikiria kwamba mwili wa mwanawe ungemshinda kesi.

Spika akatamka kwamba ombi limeanguka, na kwa kuwa limeanguka halikuwahi kuwapo. Bi Povu akasimama nyuma akauliza kama hawaoni kwamba wako vibogoyo wengine sitini pale pale shinani. Akajibiwa kwamba ombi jipya huchukua siku kumi na moja. Na Lugano, kwa kuwa sasa alikuwa raia mwenye jino na alionekana saa chache zilizopita akitazama chini, akaandikiwa barua ya onyo la kwanza. Walimkabidhi mwenyewe mkononi. Akaitia mdomoni akaitafuna, jino likiwasha.

Sekela akatoka nje akakaa chini ya lile gamba la chaza. Alikuwa amechoka. Lakini kule kwao alikuwa amesoma darasa la jioni, mtoto tumboni, baadaye mtoto mapajani, na mwalimu wao hakuchoka kuwaambia: soma swali mara mbili kabla hujaanza kujibu. Basi akainua macho akaisoma sheria. Mtu asishushe jicho chini ya goti lake. Akaisoma tena. Jicho lisishuke. Hapakuwa na neno lolote juu ya cha chini kupanda.

Asubuhi yake alijifunga kitenge kiunoni. Bi Povu alikwisha kumkabidhi Lugano na wenzake kwa baadhi ya akina mama, naye alikuwa anasubiri kwenye shina, amejifunga vilevile. Sekela akamwambia yeye abaki, kwamba mgeni akivunja sheria atafukuzwa tu, lakini mwenyeji atafungwa.

"Nina miaka sabini," akasema Bi Povu, "na sijawahi kuona miguu yangu. Twende."

Wakashuka. Maji yalizidi kuwa baridi na mwanga ukazidi kuwa hafifu, rangi ya chupa. Nusu ya njia Bi Povu akashusha kidevu. Shingo ililia kama mlango. Akatazama kwa muda, akageuza mguu wa kulia, akageuza wa kushoto.

"Kumbe mizuri," akasema, wakaendelea.

Sakafuni hawakukaa sana. Shina la tatu kutoka Shina Kuu lilikuwa limekwisha katwa. Kisiki kilibaki kimeng'ang'ania kipande cha mwamba, kikubwa kama kapu la kuchumia chai, kimefunikwa vitafuna mpaka hakionekani. Walipokishika vikawachoma, vikaendelea kula. Hawakuvikung'uta. Wakakizungushia kitenge, mmoja huku mwingine kule, wakaanza kupanda. Njiani akina mama waliokuwa wanavua walisikia wanavyohema, nao, videvu juu, macho juani, wakashusha mikono wakapapasa, wakashika, wakainua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nini. Waliochomwa walinyonya vidole wakashika tena.

Barazani walikuwa wanajadili rangi ya utepe wa taarifa ya mwaka ujao. Sekela aliingia, akapanda juu ya meza ya Spika, na pamoja na Bi Povu wakakiinua kile kisiki juu ya vichwa vyao, juu kadiri mikono ilivyoweza kufika.

Na Baraza zima, kama sheria inavyotaka, lilikuwa linatazama juu.

Ikasikika barazani: krr, krr, krr. Wajumbe mia moja na arobaini waliutazama mzizi uliokatwa vidole, na vitu vyeusi vyenye miiba vikizunguka juu yake bila haya, na hakuna aliyeweza kusema hajaona, maana alikuwa anatazama pale hasa alipoamriwa kutazama. Kitafuna kimoja kikajiachia, kikashuka taratibu, kikatua kwenye karatasi za Spika. Akaanza kuzitazama karatasi, akakumbuka, akarudisha macho juu.

Bwana Kilele alisimama. Akauliza, kwa sauti ya kazini, kisiki hicho ni cha shina gani. Sekela akamwambia ni la tatu kutoka Shina Kuu, lile aliloliandika mwezi uliopita kuwa limekua. Mpimaji akasema sampuli moja haitoshi kuwa taarifa.

Sekela akakigeuza kisiki kumwelekea.

"Baba," alisema, na hakumwita mheshimiwa, "mjukuu wako ni wa tano kutoka kushoto. Ananyonya sharubu za Bi Povu mpaka alale. Amefungwa kwenye shina ambalo mizizi yake inalika hivi hivi unavyosikia. Mimi wangu ningeweza kumchukua, ulinishauri vizuri. Wewe wako utampeleka wapi?"

Bwana Kilele akatazama kisiki. Kisha kidevu chake kikaanza kushuka. Kilishuka polepole, kwa maumivu, mifupa ya miaka sitini ikilalamika mmoja mmoja, mpaka macho yakapita kifua, yakapita goti, yakatoka nje ya mlango yakaenda chini kabisa, mahali penye weupe. Alitazama kwa muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine, na wa kwanza kulisema hilo ni yeye mwenyewe. Akaomba iandikwe kwamba msitu haukukua. Akaomba iandikwe tarehe. Halafu akauliza kazi inaanzia wapi.

Lililofuata nchi ile haijaliona tena. Kwa siku tatu Umwani yote ilishuka. Walishuka wavuvi, walishuka makarani, alishuka Spika Mwangaza akiwa ameshika sketi yake, wazee wakashushwa kwa kamba. Sauti ya shingo zikinyooka ilisikika msitu mzima kama kuni mbichi motoni. Wako waliolia kwa kuona miguu yao, na wako walioona ya wenzao wakacheka mpaka wakakaa. Maofisa kumi na wawili wa Sakafu walifika sakafuni kwa mara ya kwanza. Mmoja aliomba hati ya kwamba hayupo, wenzake wakampa kikapu. Wajumbe wawili walifanya kazi siku zote tatu wakiwa wamefumba macho ili wasivunje sheria, na kwa haki lazima isemwe kwamba waliokota vingi.

Viliokotwa kwa maelfu. Ndipo ikaja hoja ya vitupwe wapi, na wengine wakaanza kutaja kamati, lakini Bi Povu akajilaza chali juu ya maji, akaweka jiwe kifuani, akakigonga kitafuna kimoja mara mbili kikapasuka. Ndani kulikuwa na kitu cha njano, laini kama kiini cha yai. Akakionja. Akafumba macho. Watu wakamzunguka wakimuuliza kukoje, kukoje, naye hakuwajibu mpaka alipomaliza cha tatu, ndipo akasema kwamba wale wafagizi wa zamani walikuwa na siri yao. Tangu hapo kazi haikuhitaji kusimamiwa.

Shina Kuu lilikuwa limebakiwa na vidole tisa katika arobaini. Siku ya mwisho Bwana Kilele alikuja na kamba yake ya kupimia, yenye mafundo ya miaka thelathini, akapiga magoti mwambani, akaizungusha kwenye mizizi na jiwe, akaizungusha tena, akaikaza kwa meno. Ilitosha mizunguko kumi na mmoja. Hakubakiza hata dhiraa.

Mkondo ukaja asubuhi. Kwanza samaki walitoweka, halafu maua ya miambani yakajifunga yote kwa pamoja, halafu ukaja mngurumo kama wa lori linaloteremka mteremko wa Uyole bila breki. Sekela alijifunga kwenye shina la jirani pamoja na akina mama, uso ukiwaelekea watoto. Msitu mzima ulilala upande mmoja. Mashina yaliyoliwa yaling'oka, yakapita juu ya vichwa vyao, makubwa, ya kijani, yale yale yaliyoandikwa kuwa ni ukuaji, yakaenda na hayakurudi. Shina Kuu likapinda. Likapinda mpaka watoto wakagusa mwamba kwa matumbo. Kidole kimoja cha mzizi kikakatika, Sekela akakisikia mwilini mwake kama mfupa. Kikakatika cha pili. Kamba ikanyooka, ikalia, mafundo yakaumana, ikashika.

Katikati ya mngurumo ule Bi Povu akaanza kuita majina. Aliita mtoto mmoja mmoja, kwa sauti kubwa ya mlezi anayeita watu kuja kula, na kila jina lilipotajwa mama yake alijibu, nipo, ili mtoto ajue. Alipomaliza alianza upya. Aliwaita hivyo kutwa nzima, na sauti ilipokauka, Spika Mwangaza akaipokea, na yake ilipokauka akaipokea Bwana Kilele, ambaye majina yote sitini na moja aliyasema sawasawa, la mjukuu wake kwa zamu yake, bila kulirudia.

Jioni maji yakalegea. Shina Kuu likatikisika, likajivuta, na polepole, kama mtu anayeinuka kutoka ugonjwani, likasimama wima, majani yake yakitiririka mwanga. Akina mama walifungua vifungo vyao kwa meno na kucha, wakaogelea. Hawakusalimiana. Kila mmoja alifungua jani lililokuwa mbele yake, la kwake au la mwenziwe, wakawa wanapokezana wachanga majini, huyu wa nani, huyu wangu, shika wako, mpaka Sekela akapewa Lugano na yule mnene kwa pamoja, maana hawakutenganishika.

Bi Povu alihesabu. Hakuamini, akahesabu tena akigusa kila kichwa. Walikuwa sitini na mmoja, wote wanalia kwa njaa, na akina mama wa Umwani wakakaa pale pale juu ya mwamba, wakainamisha vichwa, wakawanyonyesha huku wakiwatazama.